Chumba Kwanza, Maikrofoni Baadaye

Filamu nyingi za bajeti ndogo, za Dar es Salaam kama za Nairobi, hupigwa ndani ya nyumba za watu. Studio ni ghali, sebule ya kuazima ni nafuu. Sebule hiyo mara nyingi ina kuta za saruji zilizopigwa lipu na kulainishwa, sakafu ya tailizi, madirisha mapana ya kioo na dari la jipsamu. Macho huiona nadhifu. Maikrofoni huzisikia kuta zake zote. Neno la mwigizaji hugonga kila upande na kurudi limechelewa, na neno linalofuata hulikuta bado linaning'inia hewani. Katika Kiswahili madhara ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndiyo yenye mkia mrefu chumbani. Mkia huo ukifunika silabi moja ndogo, "nilimpa" na "nilikupa" hukaribiana, na kisa kizima kinaweza kupotea hapo. Ndiyo maana ufundi wa kuchagua maikrofoni ya ndani unastahili sifa ambazo tumezoea kuwapa wapiga picha peke yao. Ni ufundi wa kukisoma chumba kabla ya kugusa kifaa.

Msingi wa kusoma huko uliwekwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuanzia 1895, Wallace Sabine alipotakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5 kabla ya kufifia. Alikuwa akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, akiipanga na kupima, hadi akapata kanuni: mwangwi hurefuka chumba kinapokuwa kikubwa, hufupika vitu laini vinapoongezeka. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kukadiria ni umbali gani sauti itokayo moja kwa moja kinywani hulingana nguvu na ile inayorudi kutoka ukutani. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3, ambamo sauti hudumu sekunde moja. Kwa maikrofoni inayopokea pande zote, umbali huo ni kama sentimita 37 tu. Ukivuka hapo, kuta zinamshinda mwigizaji. Tena, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6, ilhali mwangwi unabaki karibu palepale. Hoja yangu yote imo humo: chumbani, swali la kwanza ni maikrofoni itafika karibu kiasi gani, la pili ni inakikataa vipi kisichotakiwa, na bei huja ya tatu.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana kifaa cha kwanza wanachonunua ni shotigani, ile maikrofoni nyembamba ndefu, kwa imani kwamba inavuta sauti kutoka mbali. Haivuti kitu. Bomba lake lina matundu ubavuni: sauti ya mbele hufika ndani kwa pamoja, ya ubavuni huingia kwa nyakati tofauti tofauti na kujifuta yenyewe. Lakini bomba la sentimita 25 hufanya kazi hiyo vizuri kwa mawimbi mafupi tu, yaani kuanzia karibu hezi 1,400 kwenda juu. Wimbi la hezi 100, ambako ndiko uliko uzito wa sauti ya mwanamume, lina urefu wa mita 3.4, kwa wimbi hilo bomba ni kama halipo. Nje, sauti ya ubavuni ikipita haina pa kurudia. Ndani, hurudi kutoka darini na sakafuni ikiwa imekatwa huku na kuachwa kule, na mazungumzo yakatoka kana kwamba yamesemwa ndani ya mtungi. Maikrofoni fupi ya haipakadioidi, yaani inayopokea zaidi ya mbele, hukataa sauti ya pembeni kwa usawa zaidi, sauti nene na nyembamba pia. Hupokea takriban robo tu ya mwangwi unaoizunguka, hivyo zile sentimita 37 huwa karibu 75, na hiyo ndiyo nafasi ambayo fimbo ya maiki inaihitaji ili ikae juu ya kichwa bila kuingia kwenye picha. Maikrofoni za aina hiyo za kampuni ya Schoeps ni za wenye nacho. Oktava MK-012, kutoka Tula nchini Urusi, imewasaidia wengi wenye mfuko mwepesi, mradi ikingwe dhidi ya upepo na mtikisiko wa mkono.

Atasema mtu: kama ukaribu ndio kila kitu, si tubane maiki ndogo kifuani tumalize? Ni jibu zuri pale kamera inapoonyesha chumba kizima na fimbo haina pa kujificha. Lakini kitenge kipya na buibui hukwaruza, kidevu huzuia konsonanti kali, na mwigizaji aliye mlangoni husikika sawa na aliye mbele ya kamera. Mwingine atategemea programu za kusafisha sauti. Hizo huondoa vizuri mvumo wa feni, kwa kuwa mvumo haubadiliki. Mwangwi lakini ni sauti ileile ya mwigizaji, na kuung'oa mara nyingi humjeruhi mwenyewe. Wa tatu atataja El Mariachi, filamu ya Robert Rodriguez iliyotoka 1992, aliyoipiga kwa takriban dola 7,000. Kamera yake ilikuwa na kelele, hivyo alipiga picha bila sauti, kisha akawarudisha waigizaji waseme maneno yao mbele ya maikrofoni ya bei ndogo na kinasa kaseti. Ni kweli kwamba baadaye studio ilitumia fedha nyingi kuikamilisha. Hata hivyo mfano huo unaunga mkono hoja yangu: maiki duni iliyokuwa karibu ilimfikisha mlangoni mwa studio.

Pingamizi zito zaidi ni la wahenga, kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inamsuta mvivu anayesingizia zana. Fundi wa sauti hachagui ili akwepe kazi. Anachagua kwa sababu ameshaujua udongo. Uchaguzi wake huanza kwa kupiga kofi moja katikati ya chumba na kusikiliza, huendelea kwa kuzima friji, kufunga pazia nzito, kutandika godoro na mablanketi pasipoonekana, na humalizikia kwenye maikrofoni. Kwa hiyo mtayarishaji mwenye fedha kidogo asianzie dukani. Amchukue fundi siku ya kukagua nyumba, ampe haki ya kuikataa sebule nzuri yenye kuta mbaya. Haki hiyo haigharimu chochote, na ikikosekana hakuna maikrofoni ya kuifidia.