Lafudhi na Ucheshi katika "Papa Shirandula"

Wahakiki wengi wa michezo ya kuchekesha ya televisheni nchini Kenya huilaumu lugha yake kwamba inakiharibu Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuipima lawama hiyo kwa kutazama kazi ya marehemu Charles Bukeko, aliyeubuni mchezo wa Papa Shirandula na kumwigiza mhusika mkuu wake katika stesheni ya Citizen tangu mwaka 2007 hadi alipofariki Julai 2020.

Msingi wa mchezo huo ni uongo mmoja. Papa ni bawabu, ilhali mkewe Wilbroda anaamini kuwa mumewe ni mtu wa ofisini. Hutoka nyumbani amevaa suti, akifika kazini huvaa sare. Lakini lafudhi yake ya Kiluhya, ambayo kwayo /b/ huelekea kuwa /p/ na /g/ kuwa /k/, haibadiliki abadilipo nguo. Nguo hudanganya, ulimi hausemi uongo. Hapa lafudhi si pambo. Ni sehemu ya dhamira.

Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na katika Vitimbi aliazima lafudhi ya Kijaluo ili kumwumba Ojwang. Ustadi wake haukanushiki. Hata hivyo, mara nyingi mtazamaji alicheka sauti yenyewe kabla ya kulijua jambo linalosemwa. Kasoro hiyo imo pia katika Papa Shirandula: baadhi ya wahusika wadogo hawana ila lafudhi, na kabila lao likawa ndilo kichekesho.

Wasemaji wa Kimvita wana sababu ya kulitafakari suala hili. Katika wadi ya Airport na Changamwe kwa jumla, bandari, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichoacha kazi hiyo mwaka 2013, viliwaleta watu wa bara wakawa majirani zao. Tena ni Mombasa penyewe, katika mkutano wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kimvita, pamoja na hazina yake ya ushairi, kikawekwa kando. Aliyepimwa kwa mizani hiyo asiwe mwepesi wa kumpimia mwenziwe.

Basi mhakiki asitosheke kuuliza kama mhusika asema Kiswahili sanifu. Aulize kama usemi wake wamfaa yeye na hali yake. Kwa kipimo hicho, Papa anafuzu. Baadhi ya wenzake hawafuzu.