Mifupa Iliyohamishwa na Watu Waliobaki: Kukisoma Upya Kitabu cha Eugippius

Kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa huujua mwaka 476, ambao Odoacer alimwondoa madarakani Kaisari kijana Romulus Augustulus, na Dola ya Kirumi ya Magharibi ikakoma. Mwaka huo ni rahisi kuukariri. Lililo gumu ni kueleza jinsi anguko hilo lilivyowafikia watu wa kawaida waliokaa mbali na Roma, na kazi ya Kanisa ilikuwa nini kati yao. Kwa swali hilo tunacho kitabu kimoja kifupi kistahilicho kusomwa na kila mchungaji, yaani Maisha ya Mtakatifu Severinus, kilichoandikwa na abati Eugippius mwaka 511. Makala haya yanakusudia kuonyesha thamani ya kitabu hicho, na pia kosa lake moja lililo kubwa.

Severinus alikuwa mtawa aliyefika Noricum, jimbo la Kirumi kando ya mto Danube katika Austria ya leo, baada ya kifo cha Attila mwaka 453. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 482. Katika sura ya 20 Eugippius aeleza kwamba zamani askari wa miji ya mpakani walilipwa kutoka hazina ya dola. Malipo yalipokoma, vikosi vilitawanyika na mpaka ukapotea pamoja navyo. Kikosi cha Batavis, ambao ndio mji wa Passau, kilibaki. Baadhi ya askari wake wakafunga safari kwenda Italia kuwaletea wenzao mshahara wa mwisho, wakauawa njiani pasipo mtu kujua, hata mto ulipozileta maiti zao ukingoni. Hapo msomaji aelewa anguko la dola kuliko katika orodha ndefu ya wafalme na vita.

Sura nyingine zatuonyesha ni nani aliyeibeba mizigo iliyoachwa na serikali. Severinus alikusanya zaka ya nafaka na nguo kwa ajili ya maskini, akawakomboa mateka, akaenda kukutana na mfalme Feletheus wa Warugi aliyekuja na jeshi lake kuwachukua wakimbizi wa Lauriacum. Hakuwa na upanga wala cheo cha serikali. Katika njaa ya Favianis alimkemea hadharani mjane tajiri aitwaye Procula, aliyekuwa ameficha nafaka. Wako wasomaji wanaokwazwa na miujiza iliyojaa kitabuni. Lakini yafaa tuangalie inahusu nini: mafuta yanayoongezeka yakigawiwa maskini, au dubu awaongozaye wachukuzi wa nguo katika theluji ya milimani. Hata miujiza inanuka njaa na baridi ya watu wale. Kwa hiyo twaweza kumwamini Eugippius anaposimulia shida yao, hata tukisita mbele ya dubu.

Kosa la kitabu liko mwishoni mwake. Mwaka 488, kwa amri ya Odoacer, Warumi wa Noricum walihamishwa kwenda Italia. Watawa wakayachukua mabaki ya Severinus, kama wana wa Israeli walivyoichukua mifupa ya Yusufu kutoka Misri. Yakazikwa hatimaye katika ngome ya Lucullanum karibu na Naples, mahali pale pale alipopelekwa Romulus Augustulus baada ya kuondolewa, na huko ndiko Eugippius alikoandikia. Mfano wa Kutoka una uzuri wake, ila unadai kwamba Noricum iwe nyumba ya utumwa, na kwamba watu wa Mungu wawe wametoka wote.

Sivyo ilivyokuwa. Karibu miaka 300 baadaye, mwishoni mwa karne ya 8, hati za Kanisa la Salzburg bado zawataja Warumi waliolipa kodi katika nchi ile. Mji wa Cucullis, ambao Severinus aliutembelea, waitwa Kuchl hata leo, na Lauriacum ni Lorch. Majina hayadumu hivyo pasipo vinywa vya kuyataja. Basi walikuwako waliobaki. Ni nani aliyewabatizia watoto wao na kuwazikia wafu wao? Eugippius hasemi neno.

Kimya hicho kinashangaza zaidi tukikumbuka kwamba Eugippius ndiye aliyekusanya kitabu kikubwa cha madondoo kutoka maandiko ya Augustino. Wavandali walipokuwa wakiivamia Afrika ya Kaskazini, Augustino alimwandikia askofu Honoratus juu ya swali hili hili. Alifundisha kwamba watumishi wa Kanisa wasiondoke maadamu wako watu wanaohitaji huduma yao. Severinus mwenyewe alikitimiza kipimo hicho, kwa maana alikaa mpaka kufa. Ni mwandishi wake aliyeugeuza uaminifu wa kukaa kuwa utangulizi wa kuondoka.

Huenda sababu ni kwamba Eugippius hakuweza kutenganisha watu wa Mungu na raia wa Roma. Sisi tuliofundishwa na Luther kupambanua utawala wa Mungu kwa njia ya Neno na utawala wake kwa njia ya serikali, hatuna budi kuliona kosa hilo upesi, ingawa kuliepuka si rahisi. Mshahara wa askari ulikoma na mpaka ukatoweka, lakini ubatizo haukukoma kuhitajiwa. Kitabu hiki na kisomwe kwa shukrani kwa ajili ya yule aliyekaa. Tena kila anayekisoma awakumbuke wale wasioandikwa, waliotazama msafara ukipotea machoni pao, kisha wakarudi mashambani mwao.