Hongera, wauza mitumba wa Katesh

Mnada wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, una ng'ombe, mbuzi na nyama choma ya kutosha, lakini pongezi zangu leo ni za wauza mitumba. Duka lao ni turubai. Usiku wamesafiri na marobota juu ya Fuso, asubuhi wanakata kamba na kuchambua: nguo kali zinatundikwa, zilizobaki zinamwagwa chini, chagua mwenyewe. Robota hununuliwa likiwa limefungwa, kwa hiyo mwenye mali hajui kama kanunua faida au matambara. Roho ngumu hiyo, mimi sina.

Halafu kuna kazi ya koo. "Jero, jero! Mama, fukua, chini kuna nzuri!" Kutwa nzima, huku jicho likilinda mzigo. Nilimwona kijana mmoja akimvisha mzee wa Kibarbaig koti la sufu juu ya rubega, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akarudi nyuma kumtazama. "Mzee wangu, limekukaa!" Mbulu na Hanang baridi ya Juni na Julai haina mchezo; sweta la bei ya kutupa si anasa. Jioni bei inashuka tena, maana kurudi na mzigo ni nauli nyingine.