Anwani ya Swali: Uhakiki wa Vitambulisho vya Maswali Yaliyohifadhiwa katika Kongoo za Kiswahili

Utangulizi

Msomi anapoandika kwamba neno fulani limejitokeza mara kadha wa kadha katika kongoo, yaani katika mkusanyo mkubwa wa matini uliohifadhiwa ndani ya kompyuta, msomaji hupewa jibu bila ya kupewa swali. Hutajiwa jina la kongoo, na pengine mwaka, lakini haambiwi kompyuta iliulizwaje. Ni maoni yetu katika makala haya kwamba hesabu ya namna hiyo haijawa ushahidi. Ili iwe ushahidi, swali lenyewe halina budi kuhifadhiwa na kupewa kitambulisho kifupi, ambacho msomi mwingine aweza kukinukuu, kukifuata na, ikilazimu, kukitumia kumpinga aliyelitunga. Tutahakiki pia mapendekezo yaliyokwisha kutolewa juu ya jambo hili, tuone yanatufaa kwa kiasi gani.

Haja hii si ngeni katika taaluma yetu. Tungo za Muyaka zilizokusanywa Mombasa na W. E. Taylor, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, zimo katika maktaba ya SOAS, London, na kila hati ina nambari yake. Anayeshuku usomaji wa neno moja hana haja ya kubishana na mhariri. Hutaja nambari, akaletewa hati, akasoma mwenyewe. Orodha ya J. W. T. Allen ya hati za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapishwa mwaka 1970, ilikuwa na manufaa hayo hayo. Tulilolizoea kwa hati bado hatujalifanya kwa hesabu.

Swali moja, hesabu tatu

Tuchukue mfano wa kirejeshi. Mtafiti ataka kujua kama waandishi wa magazeti hupendelea amba- (mtu ambaye anasoma) kuliko kirejeshi kilichomo ndani ya kitenzi (mtu anayesoma). Akiuliza ambaye peke yake, amewaacha nje ambao, ambacho, ambalo na wenzao. Akiuliza kila neno lianzalo kwa amba-, ataletewa pia ambatanisha na ambaa, ambayo si virejeshi kabisa. Hata akiyachuja hayo, itabaki ambapo. Magazetini neno hili mara nyingi halirejelei mahali wala wakati, bali huunganisha sentensi mbili tu: "Watu watano walijeruhiwa ambapo wawili wamelazwa hospitalini." Je, hiki nacho ni kirejeshi? Kila mtafiti ana uamuzi wake, na uamuzi huo umefichika ndani ya swali aliloliandika. Watafiti watatu waaminifu watatoka na hesabu tatu, na msomaji hatajua tofauti imetoka wapi.

Isitoshe, kongoo hukua. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, ilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5 katika toleo la 2004. Toleo la pili lina maneno milioni 25 hivi. Swali lile lile, bila kubadilishwa hata herufi moja, haliwezi kutarajiwa kutoa hesabu ile ile katika matoleo yote mawili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuteleza papa hapa. Katika tasnifu yake ya uzamili, aliyoiandika ng'ambo, alichapa jedwali la virejeshi kwa kujiamini kukubwa. Miaka michache baadaye mwanafunzi wake alimwomba amwonyeshe namna alivyoipata hesabu mojawapo. Alijaribu maswali kadha wa kadha, hakuna lililoirudisha. Jedwali lingali katika rafu ya maktaba, na huenda ni sahihi, lakini hata aliyelitunga hawezi kulitetea.

Mapendekezo ya 2015

Mwaka 2015 kikundi cha wataalamu wa Research Data Alliance, wakiwamo Andreas Rauber na Ari Asmi, kilitoa mapendekezo 14 juu ya namna ya kunukuu data zinazobadilikabadilika. Kiini chake ni chepesi kueleza. Kwanza, kila badiliko katika hifadhi ya data liwekewe saa na tarehe, na la zamani lisifutwe. Pili, badala ya kuhifadhi nakala ya kila jibu, lihifadhiwe swali pamoja na wakati lilipoulizwa. Tatu, swali lipewe kitambulisho cha kudumu. Anayekifuata hurudishwa kwenye data kama zilivyokuwa siku ile. Aidha, jibu hukokotolewa alama fupi ya uthibitisho. Swali likirudiwa na alama ikatofautiana, inajulikana kwamba kuna kilichobadilika.

Mpango huu twauunga mkono. Kwa nguvu ndogo ya hifadhi, unatatua tatizo la toleo na tatizo la swali kwa pamoja. Hata hivyo una upungufu wa aina mbili unaotuhusu sisi hasa.

Upungufu wa kwanza ni wa dhamana. Kitambulisho kifupi hakibebi kitu. Ni ufunguo tu, na mlango uko kwa mwenye daftari. Kampuni ya Google ilianzisha huduma ya kufupisha viungo, goo.gl, mwaka 2009. Mwaka 2018 ilitangaza kuifunga, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba viungo vilivyokwisha kutolewa vitakoma kufanya kazi Agosti 2025. Baadaye ililegeza uamuzi huo kwa viungo ambavyo bado vilikuwa vikitumika. Msomi aliyevichapa kitabuni hakuwa na sauti katika maamuzi hayo yote. Kinyume chake, katika programu ya Korp, iliyobuniwa Gothenburg, Uswidi, na inayotumiwa pia nchini Ufini kuisoma kongoo ya Helsinki, swali lote hubebwa ndani ya kiungo chenyewe. Kiungo hicho ni kirefu na hakipendezi katika tanbihi, lakini hata mtambo ukizimwa leo, mwenye kukisoma ataona ni nini kilichoulizwa.

Upungufu wa pili ni wa lugha. Baadhi ya mifumo ya vitambulisho imeondoa irabu zote kwa makusudi, ili herufi zisije zikaunda neno kwa bahati. Nia ni njema: jina lenye maana hupotosha pindi maana inapobadilika. Lakini matokeo yake ni mfululizo wa konsonanti usiotamkika, na semina zetu huendeshwa kwa mdomo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Tukichagua konsonanti 16, tukaacha r ili isichanganywe na l, na kuziambatanisha na irabu tano, tutapata silabi 80. Silabi nne zatosha kutofautisha maswali 40,960,000. Kitambulisho kama pogezulo hakina maana yoyote, lakini mwanafunzi aliye Voi aweza kukisikia kwa simu akakiandika bila kosa. Yale machache yatakayoangukia kuwa maneno, mathalani fukuzana, yatachujwa kwa kamusi.

Hitimisho

Twapendekeza mambo matatu. Jarida hili lisipokee hesabu yoyote ya kongoo isiyoambatana na kitambulisho cha swali, toleo la kongoo na tarehe. Tanbihi ichape pia swali lenyewe kwa ukamilifu, ili kitambulisho kikifa swali lisife nacho. Na idara ianzishe daftari lake la maswali, litunzwe hapa hapa, hata kama kongoo yenyewe iko Ulaya. Kazi hii haihitaji mtambo mkubwa. Katika mwaka wa kwanza daftari la karatasi na mtunzaji mwaminifu vitatosha. Mwandishi yuko tayari jedwali lake la virejeshi liwe la kwanza kuulizwa upya, na hesabu mpya ichapwe kando ya ile ya zamani.