Posa ya Darasani: Kazi Iliyofanyika Kabla ya Pete

Mwalimu anapovishwa pete ya uchumba mbele ya wanafunzi wake, sisi watazamaji tunaona dakika mbili tu: amejiziba mdomo kwa viganja, watoto wanashangilia. Kazi kubwa ilishafanyika kabla ya hapo. Tuichambue kwa kuchukua shule ya msingi ya kawaida hapa Dodoma.

Ugumu wa kwanza ni siri. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na madarasa mengi yamezidi hapo. Watoto wote hao hawawezi kulala na siri ya mwalimu wao. Basi waambiwe dakika kumi tu kabla, wakati mwalimu mkuu amemwita mwalimu huyo ofisini kuulizia andalio la somo. Mwalimu mkuu lazima ajue tangu mwanzo, maana pale ni kazini na kipindi ni haki ya watoto. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa kinafaa kuliko hisabati ya asubuhi.

Kisha maneno. Hapa wengi huteleza kwa kuiga filamu za nje. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa; bwana akiandika "Utanioa?" amembadilishia mchumba wake nafasi, na darasa la nne litacheka kwa haki. "Naomba nikuoe" inatosha, tena ni ya heshima. Ni herufi 12, kwa hiyo watoto 12, kila mmoja na kipande chake cha manila. Wapangwe kwa macho ya anayeingia mbele ya darasa. Wakipangwa kuanzia kushoto kwao wenyewe, mwalimu atasoma EOUKIN ABMOAN na utamu wote umeharibika. Madirisha ya upande wa upepo yafungwe. Vumbi na upepo wa Dodoma wa Julai hadi Septemba havijali posa ya mtu.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba shule ina ishara yake tayari. Mwalimu akiingia, darasa zima husimama: "Shikamoo, mwalimu!" Hakuna haja ya kupuliza filimbi wala kukonyezana. Wanasimama kama kila siku, safari hii herufi zikiwa vifuani, na "marahaba" inamkwama kooni. Simu ya kurekodi ikae nyuma ya darasa: itapata uso wa mwalimu na visogo vya watoto, ambao wazazi wao hawajaulizwa kama nyuso za wanao zisambazwe.

Limebaki jibu, nalo ndilo linalonitia hofu. Mwanamke atasemaje "hapana" mbele ya watoto 45 anaowafundisha? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili, na hiari haipatikani mtu akiwa amezingirwa na makofi. Kwa hiyo siku na mahali vinaweza kuwa vya kushtukiza, lakini swali lenyewe liwe limeshaulizwa faraghani na kujibiwa.

Tena kuna wazee. Ugogoni ng'ombe wa mahari huchangwa na upande wa baba na upande wa mama, na wakipokelewa hugawanywa kwa pande zote mbili vilevile. Peter Rigby, aliyefanya utafiti kwa Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu huo, kikatoka mwaka 1969. Mjomba mwenye fungu lake katika ndoa hiyo akiiona pete kwanza kwenye simu ya jirani, atahisi amerukwa, na hisia hiyo hutokea tena siku ya kikao cha mahari. Sheria haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu mahari haijalipwa, lakini mjomba hajibiwi kwa vifungu vya sheria.

Nawasihi vijana wanaopanga jambo hili: mshenga apige hodi kwanza, manila zinunuliwe baadaye. Na baada ya makofi, kumbukeni kumpa msajili notisi siku 21 kabla ya ndoa kufungwa.