Uhakiki wa Nadharia ya Mchujo wa Maji katika Mpangilio wa Misitu ya Mikoko

Mwaka 1978, Deborah Rabinowitz alichapisha matokeo ya utafiti wake katika mikoko ya Panama. Swali lake lilikuwa la zamani: kwa nini spishi za mikoko hujipanga kwa mikanda kutoka baharini kuelekea nchi kavu? Wengi kabla yake walitafuta jibu katika chumvi na udongo. Rabinowitz alipanda miche ya kila spishi katika mikanda ya spishi nyingine, akaona kwamba ilikua hata ugenini. Alipendekeza, basi, kwamba mpangaji ni maji yenyewe: miche mikubwa hukwama chini, ilhali midogo huchukuliwa na maji ya bamvua hadi juu.

Ubora wa nadharia hii ni kuanzia kwenye uzazi. Mti hauhami, safari yake pekee ni ile inayofanywa na mbegu au mche kabla ya kushika tope, na idadi ya miti inayoonekana leo ni zao la safari hiyo. Hoja hiyo ingali na nguvu.

Hata hivyo, nadharia inayumba ikipimwa kwa mikoko ya Afrika Mashariki. Katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, mlilana ndio unaosimama mbele kabisa baharini. Tunda lake hubeba mbegu nyingi, ndogo mno zikilinganishwa na mche wa mkoko, ambao huota ukiwa bado kwenye mti mama na kurefuka kama fimbo. Kwa mantiki ya mchujo, mlilana ungepaswa kuwa juu. Mchu nao una mikanda miwili, mmoja upande wa bahari na mwingine upande wa nchi kavu. Umbo moja la mbegu haliwezi kueleza makazi mawili yaliyotengana.

Kasoro ya msingi ni kuchukulia kwamba kufika ndiko kuishi. Jaribio la Panama lilipima ukuaji wa awali wa miche, si hatima ya miti. Mwaka 1987, Thomas Smith alionyesha huko Australia kwamba kaa walizila mbegu za mchu kwa wingi zaidi katika ukanda wa kati, mahali ambapo mti wenyewe ni haba. Pengo hilo la katikati, basi, halithibitishi kwamba mbegu hazikufika. Huenda zilifika zikaliwa. Nadharia isiyo na kaa ndani yake haiwezi kulitofautisha pengo la aina moja na la nyingine.

Tofauti hiyo ina uzito katika urejeshaji wa misitu. Mkoko hupendwa na wapandaji kwa sababu mche wake huokotwa na kuchomekwa topeni kwa urahisi, wakati mwingine hata mahali pa mlilana, na mafanikio huhesabiwa kwa miche iliyochomekwa. Penye miti mama jirani na maji yasiyozibwa, mbegu hujileta zenyewe; palipozibwa, kazi ya kwanza ni kufungua mkondo.