Shika Mpira wa Chini

Juzi alfajiri, stendi ya Bariadi, vijana waliizunguka Probox moja wakiisifia: imenyanyuliwa kwa spesa, rimu zinameremeta, bomba linanguruma mpaka kuku wanahama. "Chuma hicho!" Nami nikasogea, nikainama, nikashika mpira wa chini wa rejeta. Injini ndiyo kwanza imewashwa, mpira umeshaanza kuwa vuguvugu, na feni inazunguka daireti tangu ufunguo ulipogeuzwa. Thamostati hakuna.

Mpira huo ndio cheti cha gari, na wanunuzi kumi kati ya kumi hawaugusi. Wakigusa, wanagusa wa juu. Kwenye injini ya 1NZ ya Probox thamostati imekaa upande wa kuingilia maji, kwa hiyo injini ikiwa nzima mpira wa chini hubaki baridi dakika kadhaa, huku wa juu umeshapata moto. Maji yakikaribia nyuzi 82, thamostati inafunguka, na joto linakujia kiganjani kwa mkupuo. Baada ya hapo ndipo feni iwake, kisha izime yenyewe.

Fundi wa mtaani anaitoa thamostati "ili gari lisichemshe", na anakutoza. Njia nzima ya Lamadi injini inatembea na ubaridi, kompyuta inazidi kumwaga petroli ikidhani bado ni asubuhi, petroli inaosha oili kwenye silinda, ringi zinakwisha. Siku rejeta ikiziba kwa kutu ya maji ya kisima, analaumiwa Mjapani.

Mzee aliyenifundisha kazi Maswa alikuwa akichomoa stiki ya oili na kuinusa kabla hajauliza bei. "Ng'wanawane, hii inanuka petroli. Twende." Nimemjua na muuzaji mmoja aliyeosha injini kwa dizeli mpaka ing'ae, akamimina oili nzito kuficha moshi. Mteja wake aliishia njiani, Dutwa. Tangu hapo injini inayong'aa kama sufuria ya harusi siinunui.

Unataka kasi? Hela ya bomba la kelele peleka kwenye shokapu, bushi na brekipedi. Spesa zinapindisha jointi za ekseli, na kabla ya msimu wa pamba kwisha utasikia ka-ka-ka kila kona. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta; anayemaliza galoni ya lita 4 bila kutazama stiki si fundi. Rimu ziwe zile zile za chuma ilizotoka nazo Japani. Rangi nyeupe, na sijadili.

Zamani watu walijua kwamba mbio si kelele. Dereva Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, akarudia 1967, kwa Peugeot 404, gari la baba wa familia. Siku hizi tunashindana kwa kelele.

Dereva wa ile Probox aliniona nimeinama. "Shikamoo mzee. Hii hata uipeleke Mwanza na kurudi, haipati moto kabisa!"

"Marahaba," nikamjibu. "Nimeona."